Anaongoza darasani kila muhula, lakini je, bado anakua?

Mzazi yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki ya watoto anaijua ile kadi yenye mistari na rangi. Mtoto anapimwa uzito, muuguzi anaweka nukta, kisha anaiunganisha nukta ya leo na ya mwezi uliopita. Wazazi wengi wanatazama rangi. Nukta ikiangukia kwenye kijani, wanashusha pumzi na kuanza kufikiria daladala ya kurudi nyumbani.

Muuguzi anatazama kitu kingine: mstari unaelekea wapi. Mtoto anaweza kuwa bado yuko kwenye kijani, mashavu yamejaa, lakini mstari wake umelala kwa miezi miwili au mitatu. Hapo maswali yanaanza. Aliumwa? Anakula nini? Mara ngapi kwa siku?

Mtoto huyohuyo akifika darasa la nne, habari ya mstari inasahaulika na rangi ndiyo inayobaki. Ripoti ikifika nyumbani, macho yanakimbilia kwenye nafasi: wa ngapi kati ya wangapi? Akiwa wa kwanza, basi, mjadala umefungwa. Soda inanunuliwa, picha ya ripoti inarushwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na shangazi anatuma pongezi na vikopa kumi.

Hakuna ubaya katika soda wala katika pongezi. Tatizo ni kwamba nafasi ya kwanza inaeleza mtoto amesimama wapi ukimlinganisha na wenzake. Haielezi kama kuna jambo analoliweza leo ambalo muhula uliopita lilimshinda. Mtoto mwenye uwezo mkubwa anaweza kuongoza darasa kwa miaka mitatu mfululizo bila kukutana hata siku moja na swali lililomtoa jasho. Wenzake wanapanda mlima. Yeye anatembea kwenye tambarare, mbele yao.

Huyu ndiye mtoto ambaye mara nyingi hazungumzwi kwenye vikao vya wazazi. Mwalimu ana wanafunzi wengi wa kuwavuta kutoka mkiani, na wazazi wake hawana cha kulalamikia. Kudumaa kwake hakuonekani, mpaka siku anapohamishiwa kwenye darasa jingine.

Januari ya kidato cha kwanza

Kwa Tanzania siku hiyo mara nyingi ni Januari, kidato cha kwanza. Mtoto aliyekuwa nyota wa shule yake ya msingi ya serikali, aliyesoma kila kitu kwa Kiswahili, anaingia darasani na kukuta baiolojia na fizikia zinafundishwa kwa Kiingereza. Kama amefaulu sana, huenda amepangiwa shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato au moja ya zile mbili za Tabora. Humo kila aliyeketi dawati la jirani naye alikuwa wa kwanza kwao.

Hesabu hapo ni rahisi na haina huruma. Darasa la vijana 40 waliozoea kuwa wa kwanza litatoa wa kwanza mmoja tu. Lazima mmoja wao awe wa 40, na huyo si mjinga hata kidogo. Lakini nani amemwandaa kuipokea habari hiyo?

Mwanasaikolojia Herbert Marsh, aliyefanya kazi Australia kwa miaka mingi, amelichunguza jambo hili tangu miaka ya 1980. Alilifananisha na samaki: samaki mkubwa akiwa kwenye kidimbwi anajiona mkubwa, akihamishiwa ziwani anajiona dagaa, ingawa ukubwa wake haujabadilika. Mwaka 2003, yeye na mwenzake Kit-Tai Hau walichapisha uchambuzi wa takwimu za wanafunzi zaidi ya 100,000 wenye umri wa miaka 15 kutoka nchi 26. Waliona jambo lilelile katika nchi baada ya nchi: wanafunzi wenye uwezo sawa walijiona dhaifu zaidi kimasomo walipokuwa katika shule zenye wanafunzi wenye uwezo mkubwa. Afrika Mashariki haikuwamo kwenye takwimu hizo, lakini mwalimu yeyote wa bweni anaweza kukuonyesha mtoto wa namna hii kabla ya likizo ya Juni.

Hii haina maana kwamba shule hizo zikimbiwe. Zina walimu na maabara, na zina wenzake wa kumchangamsha. Maana yake ni kwamba mtoto anayekwenda huko anahitaji kitu ambacho cheti chake cha darasa la saba hakikumpa, yaani uzoefu wa kushindwa kidogo na kuendelea na kazi.

Safari yenyewe ina vituo kadhaa vya aina hii. Aliyepata daraja la kwanza la pointi saba kidato cha nne anakwenda kidato cha tano kusoma masomo matatu, na huko walioipata hiyo saba wamejaa. Aliyepata pointi tatu kidato cha sita anaingia mwaka wa kwanza wa udaktari au uhandisi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake anaona jina lake kwenye orodha ya wanaorudia mtihani. Wanachuo wana misamiati yao kwa hali hizi, kutoka "sapu" hadi "kudisko", na huitamka kwa kucheka. Kicheko hicho mara nyingi hakifiki nyumbani. Kuna wazazi wanaoambiwa kila kitu kinakwenda vizuri hadi muhula ambao mtoto harudi tena chuoni.

Aliyeambiwa ana akili

Kwa nini mtoto mwenye uwezo aanguke pale ambapo mwenzake wa kawaida anasimama na kuendelea?

Sehemu ya jibu ni ufundi wa kusoma. Mtoto aliyekuwa anaelewa mara moja mwalimu anapozungumza hakuwahi kulazimika kujifunza namna ya kusoma. Hajui kuandika muhtasari wake mwenyewe, hajui kulirudia swali lililomshinda, na hajawahi kumfuata mwalimu baada ya kipindi na kusema, "Mwalimu, hapa sijaelewa." Mwenzake aliyekuwa wa 15 amefanya hayo yote tangu darasa la tano kwa sababu bila hivyo asingevuka.

Sehemu nyingine ni sifa alizokulia. Mwaka 1998, Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha tafiti walizofanya Marekani kwa watoto wa darasa la tano. Watoto walipewa mafumbo ya maumbo ya ugumu wa wastani, kisha wote wakaambiwa wamefanya vizuri. Baadhi waliongezewa sentensi moja: lazima mna akili. Wengine waliambiwa: lazima mmejitahidi.

Walipopewa nafasi ya kuchagua kazi inayofuata, wengi wa waliosifiwa akili walichagua ile ambayo wangeonekana tena kuwa hodari. Wengi wa waliosifiwa juhudi walichagua ile ya kujifunza kitu kipya. Kisha wote wakapewa mafumbo magumu sana, wakashindwa. Baadaye walirudishiwa mafumbo ya ugumu uleule wa mwanzo. Waliosifiwa akili walifanya vibaya kuliko mara ya kwanza, na waliosifiwa juhudi walifanya vizuri zaidi.

Kuna kipande kimoja cha utafiti huo ambacho mzazi hapaswi kukipita haraka. Watoto waliombwa kuwaandikia wanafunzi wa shule nyingine, wasiowajua, kuhusu mafumbo hayo na kutaja alama walizopata. Katika kundi la waliosifiwa akili, karibu wanne kati ya kila 10 walidanganya kuhusu alama zao. Katika kundi la juhudi alikuwa takriban mmoja kati ya wanane. Ni watoto wadogo, wanamwandikia mtu ambaye hawatamwona kamwe, na bado walishindwa kusema "nilikosa".

Katika miaka iliyofuata, habari hizi zilienea mno na wakati mwingine zikatiwa chumvi. Zipo shule zilizobandika mabango ukutani na kudhani kazi imekwisha. Utafiti mkubwa ulioongozwa na David Yeager na kuchapishwa mwaka 2019, uliohusisha takriban wanafunzi 12,000 wa sekondari Marekani, ulionyesha kwamba somo fupi la kuwafundisha kuwa uwezo hukua liliwasaidia kimaksi hasa wale waliokuwa nyuma, na kwa kiwango kidogo. Kwa hiyo mzazi asitarajie muujiza kwa kubadili tu sentensi ya pongezi. Kumwambia mtoto "umejitahidi" kwa kazi aliyoimaliza kwa dakika tano huku akitazama katuni ni kumdanganya, naye anajua. Anachokosa mtoto huyu ni kazi inayostahili juhudi, na pongezi zitakuja baada ya hapo.

Tumbo linalouma siku ya mtihani

Mwili nao husema. Mtoto anayeongoza na anayeogopa kuacha kuongoza anaweza kuanza kuumwa tumbo au kichwa kila Jumapili jioni, au asubuhi ya mtihani. Anafuta daftari mpaka karatasi inatoboka. Anachana ukurasa mzima kwa kosa moja. Analia kwa 88 wakati mwenzake anashangilia 60. Wengine wanafanya kinyume: wanaacha kusoma kabisa, ili wakianguka waseme hawakusoma. Wazazi huita huo uvivu. Mara nyingi ni woga, kwa sababu aliyeanguka bila kusoma bado anaweza kujiambia kwamba angetaka angeweza.

Kuna dalili kwamba hali hii inaongezeka. Thomas Curran na Andrew Hill walichambua takwimu za wanafunzi wa vyuo zaidi ya 40,000 wa Marekani, Kanada na Uingereza, zilizokusanywa kati ya 1989 na 2016. Waligundua kwamba kutaka kila kitu kiwe kamili kumeongezeka kizazi hadi kizazi, na kilichopanda zaidi ni ile hisia kwamba watu wengine wanadai uwe bila kasoro. Hao ni wanafunzi wa mbali, lakini mtoto ambaye ripoti yake inasambazwa kwa ndugu 60 kwenye kundi la WhatsApp hana haja ya kuelezwa hisia hiyo ikoje.

Usingizi ndicho kitu cha kwanza kutolewa sadaka. Kuna nyumba ambazo mtoto anaamka saa 10 alfajiri kuwahi gari la shule, anarudi jioni, anakwenda tuisheni, na saa 5 usiku bado yuko mezani. Mwongozo wa mwaka 2016 wa chama cha madaktari wa usingizi wa Marekani unataka watoto wa miaka 6 hadi 12 walale saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10. Ukihesabu kuanzia saa 5 usiku hadi saa 10 alfajiri unapata saa tano.

Wazazi wanaoamini kwamba mabingwa hawalali wanaweza kutazama utafiti maarufu wa Anders Ericsson na wenzake wa mwaka 1993, uliofanyika kwa wanafunzi wa fidla katika chuo cha muziki Berlin. Watu wengi wanaukumbuka kwa habari ya saa nyingi za mazoezi. Wachache wanakumbuka kwamba wapiga fidla bora walilala zaidi kuliko wenzao, pamoja na usingizi wa mchana, na kwamba waligawanya mazoezi yao katika vipindi vifupi vyenye mapumziko katikati. Katika vipindi hivyo walifanyia kazi vipande vinavyowashinda. Kurudia wimbo unaoujua kunafurahisha masikio ya wageni, lakini hakumpeleki mpigaji mbele.

Bingwa aliyekosa tiketi ya London

Agosti 2003, jijini Paris, kijana wa miaka 18 kutoka Nandi, Kenya, alishinda mbio za mita 5,000 katika mashindano ya dunia. Aliowaacha nyuma yake walikuwa Hicham El Guerrouj wa Morocco na Kenenisa Bekele wa Ethiopia. Mtu akipata hilo akiwa na miaka 18, atafanya nini baadaye? Eliud Kipchoge alipata shaba ya Olimpiki mwaka 2004 na fedha mwaka 2008. Kwa mkimbiaji mwingine hayo ni maisha mazima ya mafanikio. Kwa bingwa wa dunia, mstari ulikuwa umelala.

Mwaka 2012 ulishuka. Kwenye majaribio ya kuteua timu ya Kenya ya Olimpiki ya London, alimaliza mita 5,000 akiwa wa saba na akabaki nyumbani. Alikuwa na miaka 27, na wakimbiaji wadogo kwake walikuwa wanampita katika mbio zilizompa jina.

Angeweza kuendelea kukimbia mikutano midogo ya riadha Ulaya, ambako jina lake bado lilikuwa na thamani. Badala yake alihamia barabarani, katika mbio ambazo hakuwa na rekodi yoyote ya kujivunia. Septemba mwaka huohuo alikimbia nusu marathoni Ufaransa. Aprili 2013 alikimbia marathoni yake ya kwanza, Hamburg, akashinda. Miezi mitano baadaye, Berlin, alimaliza wa pili huku Wilson Kipsang akivunja rekodi ya dunia. Yaliyofuata yanajulikana: dhahabu ya Olimpiki mwaka 2016, rekodi ya dunia mwaka 2018, dhahabu ya pili mwaka 2021, na mwaka 2022, akiwa na miaka 37, rekodi nyingine ya dunia ya saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Katikati ya hayo, Oktoba 2020, alimaliza wa nane mjini London. Mwaka uliofuata ndio alioitwaa ile dhahabu ya pili.

Mzazi asiichukue habari hii kama hadithi ya kipaji tu, maana wenye kipaji katika nyanda za juu za Kenya ni wengi. Yapo mambo ya kawaida kabisa ndani yake. Alibaki na kocha mmoja, Patrick Sang, aliyepata medali ya fedha ya Olimpiki ya mwaka 1992 na aliyemfahamu tangu akiwa kijana, mtu anayeweza kumwambia ukweli. Kwa miaka mingi ameandika mazoezi yake kwenye daftari, kwa hiyo anajilinganisha na yeye wa mwaka jana. Na katika kambi ya Kaptagat, bingwa wa Olimpiki alikuwa na zamu ya usafi kama wengine, vyoo vikiwemo. Hilo la mwisho linaweza kuonekana dogo. Lakini mtoto anayeachiwa kazi zote za nyumbani kwa sababu "yeye anasoma" anafundishwa kwamba thamani yake yote iko kwenye matokeo, na siku matokeo yakiyumba hana mahali pengine pa kusimama.

Miaka kazini peke yake haitoshi

Wazazi nao wamo. Mwaka 2005, Niteesh Choudhry na wenzake walipitia tafiti 62 kuhusu uzoefu wa madaktari na ubora wa huduma wanayotoa. Zaidi ya nusu ya tafiti hizo zilionyesha kwamba kadiri miaka ya kazi ilivyoongezeka, ndivyo ubora ulivyopungua katika vipimo vyote vilivyotumika. Msomaji asimkimbie daktari wake mwenye mvi kwa sababu hiyo, maana daktari anayeendelea kusoma na kukubali kukosolewa ana vyote viwili, uzoefu na maarifa mapya. Kilichoonekana ni kwamba miaka peke yake haimkuzi mtu. Ndivyo ilivyo kwa mhasibu, kwa fundi, na kwa mwalimu anayefundisha kwa maandalizi yaleyale ya mwaka aliotoka chuoni.

Mtoto anaona. Baba ambaye hajawahi kuonekana akihangaika na jambo jipya, kisha anamtaka mtoto asiogope jambo jipya, anamwomba afanye kitu ambacho hajawahi kukiona kikifanyika. Mama anayejifunza kompyuta akiwa na miaka 45, anayekosea na kucheka na kumuuliza mwanawe, "Hebu nionyeshe tena hapo," anafundisha somo kubwa bila kutoa hotuba.

Nyumbani, wiki hii

Pa kuanzia ni kutafuta jambo moja ambalo mtoto huyu si hodari, na kumwacha afanye hilo kwa muda wa kutosha, angalau muhula mzima. Anayeongoza hisabati ajiunge na kwaya au timu ya mpira wa pete. Anayeandika insha nzuri ajifunze kushona, kupiga ngoma, kuogelea au kucheza bao na babu yake ambaye hatamwonea huruma. Hakuna ada kubwa inayohitajika. Kinachohitajika ni awe wa mwisho mahali fulani, mara kwa mara, mbele ya watu wanaompenda, na chakula cha jioni kiliwe kama kawaida.

Darasani, mzazi anaweza kumuuliza mwalimu swali ambalo walimu wa watoto wanaoongoza huulizwa mara chache: "Mwanangu ameshindwa nini muhula huu?" Kama jibu ni kwamba hajashindwa chochote, hiyo ni taarifa. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 hawezi kumwandalia mmoja somo lake peke yake, lakini anaweza kumpa maswali ya darasa la mbele, au kitabu kigumu zaidi, au kumpa wenzake wawili awaelekeze. Kuelekeza wengine kuna faida ya pili, kwa sababu asiyeelewa jambo kwa undani hujikuta amekwama katikati ya maelezo.

Namna ya kujisomea nayo ifundishwe mapema, kabla haijahitajika. Tafiti za Henry Roediger na Jeffrey Karpicke za mwaka 2006 zilionyesha kwamba wanafunzi waliosoma kifungu kisha wakajaribu kukikumbuka bila kukitazama walikumbuka zaidi baada ya wiki kuliko waliokisoma tena na tena. Nyumbani maana yake ni hii: daftari linafungwa, mtoto anaandika au anaeleza anachokumbuka, kisha analifungua na kuona alichoacha. Ni kazi inayochosha na inamwonyesha mtoto mapengo yake, na ndiyo maana wanaozoea kusifiwa hawaipendi. Robo saa kwa siku inatosha kwa kuanzia.

Halafu kuna siku ya ripoti yenyewe. Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza wanafunzi na shule kumi bora kitaifa. Majumbani orodha bado inatangazwa. Mzazi anaweza kuanza kwa maswali mengine kabla ya kufika kwenye nafasi: Ni swali gani lilikukosesha raha? Ulifanyaje? Muhula uliopita hukuliweza hili la sehemu na desimali, sasa je? Akijibu "yote yalikuwa rahisi", asikimbiliwe na pongezi. Na akija na nafasi ya sita baada ya miaka ya kuwa wa kwanza, sura ya mzazi katika sekunde tano za mwanzo itakumbukwa kuliko maneno yatakayofuata. Kulinganisha na mtoto wa jirani au na dada yake aliyetangulia kuahirishwe, ikiwezekana moja kwa moja.

Kwa familia zinazosubiri kidato cha kwanza, majuma kati ya matokeo ya darasa la saba na kufungua shule Januari ni muda wa thamani. Wengi huutumia kutafuta godoro, sanduku na sare. Kaka au binamu aliyeko sekondari anaweza kukaa na mtoto na kitabu chake cha baiolojia cha Kiingereza, aya moja kwa siku, wakitafuta maneno pamoja. Muhimu zaidi ni aambiwe waziwazi kabla hajaondoka: "Huko utakuta watoto wengi kama wewe. Huenda ukawa wa 30. Ukiwa wa 30, tupigie simu utuambie, hatutakugombeza." Kisha siku akipiga, asigombezwe.

Zipo hali ambazo hazisubiri ushauri wa gazeti. Mtoto aliyeacha kula au kulala kwa wiki kadhaa, aliyejitenga na rafiki zake wote, anayejiumiza, au anayesema afadhali asingekuwepo, anahitaji msaada siku hiyohiyo, hata kama ripoti yake imejaa A. Mzazi amsikilize bila kumkatiza, asimwache peke yake, na ampeleke kituo cha afya au hospitali ya wilaya au ya mkoa kuomba kuonana na mtoa huduma ya afya ya akili. Shuleni yupo mwalimu wa ushauri nasaha. Tanzania pia kuna namba ya simu ya huduma kwa mtoto, 116, inayopigwa bila malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.